Nani Atakulipa Ukisoma Marekani?



Msimu kama huu vijana waliomaliza shahada ya kwanza huniuliza swali lilelile: nitapata wapi skolashipu ya kwenda kusoma Marekani? Jibu langu huwaudhi baadhi yao. Nawaambia waache kwanza kutafuta skolashipu, watafute kazi.

Sisemi kazi ya kuosha vyombo hotelini. Nasema kazi ambayo chuo chenyewe humpa mwanafunzi wake wa uzamili au uzamivu: kufundisha darasa la mwaka wa kwanza, kuendesha majaribio maabara, kusimamia bweni, kuhudumia watu maktaba. Kwa kawaida ni saa 20 kwa wiki. Chuo nacho humsamehe ada ya masomo, humpa posho ya kuishi, na mara nyingi humchangia bima ya afya. Hizo ndizo kazi za usaidizi. Wengi wa wasomi wetu waliorudi na shahada za uzamivu kutoka kule walisomeshwa nazo, hata kama majirani nyumbani wanasimulia kwamba fulani alipata skolashipu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu moja. Anayetoa skolashipu hukuuliza wewe ni nani na umetoka wapi. Anayetoa kazi ana shida yake: nani atasahihisha ripoti mia moja za kemia Jumatatu asubuhi? Kijana akikosa kuelewa kwamba anaomba kazi, huandika kurasa mbili za maisha magumu, karo iliyolipwa kwa kuuza mbuzi, mama aliyeuza maandazi, wakati anayesoma barua hiyo anatafuta mtu anayejua takwimu. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na yanagusa moyo, lakini ile nafasi atapewa mwenzake.

Nadhani mkanganyiko mwingine unatokana na hapa nyumbani. Katika vyuo vikuu vya Tanzania tuna mkufunzi msaidizi, yule kijana anayeajiriwa baada ya shahada ya kwanza akiwa na wastani wa alama 3.8 kati ya 5 au zaidi. Huyo ni mwajiriwa kwanza, halafu ndipo hutafutiwa nafasi ya kwenda kusoma uzamili. Kenya nako wapo wasaidizi wa namna hiyo. Marekani mpangilio umegeuzwa. Unakuwa mwanafunzi kwanza, na kazi unaipata kwa sababu ni mwanafunzi. Siku unayomaliza shahada kazi nayo imekwisha, hakuna kiinua mgongo wala cheo kinachokusubiri.

Sasa, kabla ya kujaza fomu yoyote, jiulize swali moja ambalo waombaji wengi hawajiulizi: fedha hizo zinatoka mfuko wa nani? Nafasi hizi zina majina mengi, lakini ukifuata fedha utaona zinatoka mifuko mitatu tu, na kila mfuko una mwenyewe.

Mfuko wa kwanza ni wa idara, na kazi yake ni kufundisha. Vyuo vikubwa vya umma vya Marekani huwa na darasa la hisabati, kemia, baiolojia au uandishi wa Kiingereza lenye mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Profesa huhadhiri mara mbili kwa wiki katika ukumbi mkubwa, kisha wanafunzi hugawanywa katika vikundi vidogo vya watu ishirini, thelathini, na kila kikundi huongozwa na mwanafunzi wa uzamili au uzamivu. Yeye ndiye anayewaelekeza kwenye mazoezi, anayesimamia maabara, anayesahihisha mitihani, na anayekaa ofisini saa zilizotangazwa ili mwenye swali aje.

Kwa hiyo idadi ya nafasi hizo hupangwa na idadi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaolazimika kupita somo lile. Idara ya hisabati inahitaji wasaidizi wengi kwa sababu kila mhandisi na kila daktari mtarajiwa lazima apite pale. Idara za Kiingereza, kemia, fizikia na lugha vivyo hivyo. Shule za biashara, sheria na afya ya jamii huwa na nafasi chache sana, maana wanafunzi wake wengi ni watu wazima wanaojilipia. Nimewaona vijana wawili, mmoja na alama za juu akiomba uzamili wa biashara, mwingine na alama za kawaida akiomba hisabati. Wa pili ndiye aliyeondoka. Yule wa kwanza mpaka leo anaamini kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Ni hesabu ya madarasa.

Nafasi hizi za kufundisha kwa kawaida hazina tangazo la kazi peke yake. Katika fomu ya kujiunga na chuo kuna mahali pa kuweka alama kwamba unaomba pia ufadhili wa idara, au idara humfikiria kila aliyeomba kabla ya tarehe ya mwisho. Na tarehe hiyo huja mapema: kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, kwa masomo yatakayoanza Agosti. Chuo hichohicho kinaweza kuendelea kupokea maombi hadi Machi au Aprili, nawe ukafurahi kwamba muda bado upo. Muda wa kudahiliwa upo. Fedha zimeshagawanywa.

Lipo pia suala la Kiingereza cha kusema. Vyuo vingi huwataka wasaidizi wa kufundisha kutoka nje wafikie alama fulani katika sehemu ya kuongea ya mtihani wa TOEFL au mwingine wa aina hiyo. Unaweza kusamehewa mtihani wa kudahiliwa kwa sababu ulisoma kwa Kiingereza Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kisha ukafika na kupimwa upya kabla ya kukabidhiwa darasa. Usichukulie kuwa ni dharau. Jiandae tu, kwa kusimama mbele ya watu na kueleza jambo gumu polepole, kwa sauti inayosikika.

Na ukishakabidhiwa darasa, kuna mambo yatakushangaza. Wanafunzi watakuita kwa jina lako la kwanza. Mwisho wa muhula watakupima wao, kwa fomu, na fomu hizo husomwa na idara. Na yale matokeo ambayo sisi tumezoea kuyabandika ukutani, jina au namba ya usajili ikiwa mbele na alama pembeni, kule ni kosa: sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya kumbukumbu za elimu, inayojulikana kwa kifupi FERPA, inakukataza kumwonyesha mtu alama za mwenzake. Hata mzazi aliyelipa ada akikuandikia barua pepe kuuliza maendeleo ya mwanawe, humjibu kabla hujauliza idara. Msaidizi mgeni asiyelijua hili hujiingiza matatani wiki ya kwanza tu.

Katika mfuko huu wa kufundisha kuna mlango ambao watu wetu huupita bila kuuona. Kiswahili. Mwaka 1957 Wasovieti walirusha chombo chao cha Sputnik, Wamarekani wakashtuka, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya elimu ya ulinzi wa taifa, ambayo pamoja na mambo mengine ilitoa fedha za kufundisha lugha za dunia vyuoni. Vituo vya taaluma za Afrika vilikua kutokana na hapo, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za Kiafrika zinazofundishwa zaidi. Vyuo vikuu vya Wisconsin-Madison, Indiana, Ohio, Kansas, Florida na Michigan State vimekifundisha kwa miaka mingi, na mara nyingi anayesimama mbele ya darasa la wanaoanza ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu kutoka kwetu. Si lazima awe anasomea isimu. Anaweza kuwa anasomea mawasiliano, historia, elimu au hata sayansi ya siasa, ila amejitambulisha kwa mratibu wa lugha za Kiafrika kabla nafasi hazijajaa.

Lakini tusidanganyane: kuzaliwa Tanga hakukufanyi mwalimu wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kimarekani atakuuliza kwa nini tunasema kitabu kikubwa lakini kiboko mkubwa, ilhali vyote viwili vinaanza na ki. Ukimjibu kwamba ndivyo tunavyosema, hujamfundisha kitu. Anayetaka nafasi hii asome vitabu vya sarufi, ajue ngeli na upatanisho wake, ajizoeze kufundisha kwa Kiswahili chenyewe bila kukimbilia Kiingereza. Na kama hapa nyumbani uliwahi kuwafundisha wageni, iwe Zanzibar, Mombasa au Arusha, hiyo ni sifa. Iandike kwenye wasifu wako, usione ni kibarua kidogo kisichostahili kutajwa.

Hapa niweke alama moja. Ipo programu ya Fulbright inayopeleka walimu wasaidizi wa lugha, na Kiswahili kimo. Wengi huifananisha na kazi ninayoizungumzia. Ile huchukua takriban miezi tisa, hutumia viza ya J-1, haikupi shahada, na baada yake unatakiwa kurudi nyumbani. Ni nafasi nzuri, na waliopitia huko huwa waombaji wenye nguvu zaidi baadaye. Lakini ni kitu kingine, na huombwa kwa njia nyingine kupitia ubalozi.

Twende mfuko wa pili, wa profesa. Huu ndio wa utafiti.

Profesa wa sayansi kule huishi kwa fedha za miradi. Anaandika andiko, analipeleka kwa Mfuko wa Taifa wa Sayansi (NSF) au Taasisi za Taifa za Afya (NIH), na akishinda, ndani ya bajeti ile kuna fungu la kumlipa mwanafunzi. Fungu hilo ndiyo nafasi yako. Kwa hiyo katika kilimo, uhandisi, baiolojia na fani za namna hiyo, kuomba bila kumwandikia profesa mapema ni kubahatisha. Isipokuwa katika idara zile, hasa za sayansi ya tiba, ambazo huwazungusha wanafunzi wapya kwenye maabara kadhaa mwaka wa kwanza kabla ya kuchagua. Tovuti ya idara hulisema hilo wazi.

Na hapa nawapa siri ambayo si siri. Mashirika hayo mawili huweka hadharani, mtandaoni, orodha ya miradi yote yanayoifadhili: jina la profesa, chuo, kiasi cha fedha, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ya sayansi ipo kwenye tovuti ya NSF, ya afya ipo kwenye RePORTER ya NIH. Tafuta neno malaria, au mihogo, au maji ya ardhini, au Tanzania, na utaona nani ana fedha na zitaisha lini. Profesa ambaye mradi wake umeanza mwaka huu anahitaji mtu. Yule ambaye mradi wake unakwisha miezi sita ijayo, hata akikujibu kwa upole, hana cha kukulipa. Haigharimu kitu isipokuwa bando.

Barua pepe yenyewe iwe fupi. Eleza umesoma nini, umefanya utafiti gani kwa mikono yako, ni jambo gani katika kazi yake ya karibuni limekugusa na kwa nini, kisha uliza kama anachukua wanafunzi mwaka ujao. Basi. Zile barua zinazoanza kwa "Mheshimiwa Profesa mtukufu, natumaini barua hii itakukuta mwenye afya njema", zilizotumwa kwa maprofesa arobaini kwa mpigo huku anwani zao zote zikionekana juu, hufutwa kabla hazijasomwa. Heshima yetu ni nzuri. Kwao heshima ni kutompotezea muda.

Mfuko wa profesa una hatari yake, nayo ni kwamba umefungwa na mtu mmoja. Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, ameisimulia hatari hiyo katika kumbukumbu zake. Alirudi Kenya kutoka Pittsburgh mwanzoni mwa mwaka 1966, akiwa na shahada ya uzamili katika baiolojia na ahadi ya kazi ya mtafiti msaidizi kwa profesa wa zoolojia, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Alipokwenda kuripoti akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini sababu zilikuwa kabila lake na jinsia yake. Baadaye alikutana na profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann wa Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo palepale Nairobi, naye akamwajiri kama mtafiti msaidizi. Kutoka kwenye kiti kile alikwenda Ujerumani kwa utafiti wake, na mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu hapo Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia ngazi hiyo. Profesa mmoja alimfungia mlango, mwingine akamfungulia. Ndiyo maana ahadi ya profesa, iliyotolewa kwa barua pepe au kwenye simu ya video, haitoshi mpaka chuo chenyewe kiandike barua.

Na siku hizi hata barua imetikisika. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata na kusitisha miradi mingi ya utafiti, na vyuo vikapunguza idadi ya wanafunzi wapya wa uzamivu. Shule ya tiba ya UMass Chan, huko Massachusetts, iliondoa nafasi ilizokuwa imeshawapa waombaji wa mwaka ule. Anayekutia moyo bila kukuambia haya anakudanganya. Omba, lakini usiache kazi uliyonayo kabla hujashika barua na viza.

Mfuko wa tatu sitaukalia sana. Ni wa ofisi mbalimbali za chuo: mabweni, maktaba, udahili, kituo cha uandishi, ofisi ya wanafunzi wa kigeni, makumbusho, hata idara ya michezo, ambako mkimbiaji aliyemaliza shahada yake anaweza kubaki kama kocha msaidizi huku akisoma uzamili. Nafasi hizi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, nyingi kati ya Februari na Juni, nawe huomba kwa wasifu na usaili wa mtandaoni. Wanaosomea elimu, ushauri nasaha na utawala wa vyuo huzipata zaidi. Ya bweni ina faida ambayo haionekani kwenye posho: unapewa chumba, pengine na chakula. Gharama yake ni simu ya saa nane usiku, mwanafunzi amelewa na amejifungia nje.

Jambo la uzamili na uzamivu nalo linahitaji kusemwa. Sisi tumezoea ngazi: kwanza uzamili, halafu uzamivu. Marekani, katika fani nyingi, mtu mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja, na fedha nyingi zimewekwa huko. Mwanafunzi wa uzamili katika idara yenye uzamivu mara nyingi hujilipia, maana kazi zote wamepewa wale wa juu yake. Kwa anayetaka uzamili tu, ushauri wangu ni kutafuta idara nzuri isiyotoa uzamivu kabisa. Pale hakuna wa kumtangulia. Kama kuna madarasa ya kufundisha, yatafundishwa na wanafunzi wa uzamili.

Tuje kwenye barua ya kazi yenyewe. Ikifika, isome kama mkataba, kwa sababu ndivyo ilivyo. Angalia posho ni kiasi gani na ni ya miezi mingapi. Nyingi hulipwa kwa miezi tisa au kumi, na kiangazi unajitegemea. Viwango vinatofautiana mno: kuna mahali utapewa dola 15,000 kwa miezi tisa, na vyuo tajiri hutoa zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Lakini elfu kumi na tano katika mji mdogo wa Ohio inaweza kukuweka vizuri kuliko elfu thelathini California. Angalia kama ada imesamehewa yote au sehemu. Uliza kuhusu michango mingine, ya huduma za wanafunzi, teknolojia na kadhalika, ambayo msamaha wa ada haugusi, na kwa mwaka inaweza kupita dola elfu moja. Uliza bima. Uliza ufadhili umeahidiwa kwa miaka mingapi na kwa masharti gani. Vyuo vingi hutaka udumishe wastani wa B, kwa hiyo C mbili zinaweza kukuondolea kazi, na kazi ikiondoka ada inarudi.

Wala usikubali kusukumwa. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili linalompa mwombaji hadi tarehe 15 Aprili kujibu ahadi ya ufadhili. Una haki ya kusubiri majibu mengine, na una haki ya kuuliza kwa adabu kama posho inaweza kuongezwa. Watu wetu huona haya kuuliza. Anayekuajiri haoni haya kukupa kidogo.

Kwamba hii ni kazi, Wamarekani wenyewe walibishana kwa miaka mingi. Wasaidizi wa Wisconsin-Madison waliunda chama chao mwaka 1966 na wakagoma mwaka 1970. Bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi iliamua mwaka 2016, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba wasaidizi katika vyuo binafsi nao ni wafanyakazi wenye haki ya kuunda chama. Na Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma kwa karibu wiki sita. Kima cha chini cha wasaidizi wa kufundisha kikapanda kutoka takriban dola 23,000 hadi takriban dola 34,000 kwa miezi tisa ya kazi. Kwenye mistari ile ya mgomo walikuwamo wanafunzi wa kigeni wengi.

Kwa mgeni kuna kamba ya ziada. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, kazi zote za chuoni zikijumlishwa pamoja. Kwa hiyo ukishapata kazi ya usaidizi ya saa 20, huna nafasi ya nyingine, na kibarua cha nje ya chuo bila kibali kinaweza kukuvunjia viza. Mume au mke anayekufuata kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Familia zimeumia kwa kutolijua hili mapema. Kodi ya mapato utakatwa kwenye posho: Marekani haina mkataba wa kodi hiyo na Kenya wala Tanzania. Nauli, ada ya dola 350 ya SEVIS, ule mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na ada ya viza ni juu yako. Na mshahara wa kwanza huchelewa. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti, namba ya hifadhi ya jamii huchukua wiki kadhaa kutoka, na fedha zinaweza kuingia mwisho wa Septemba au baadaye. Ondoka na akiba ya mwezi mmoja na nusu, hata kama ni ya kukopa kwenye saccos.

Viza zenyewe zimekuwa ngumu. Tangu Juni 2025 wanafunzi wa Burundi wamo katika nchi zilizowekewa zuio, na orodha hizo hubadilishwa kwa tamko la rais. Kabla ya kulipa ada yoyote, soma tovuti ya ubalozi wa nchi yako wiki ileile. Na mtu akikuomba laki tano akuhakikishie nafasi ya usaidizi katika chuo fulani, huyo ni tapeli. Hakuna chuo kinachouza kazi hizi, na barua zao halali hutoka kwenye anwani za chuo.

Nimebakisha jambo la barua za wadhamini, na hili nalielekeza kwa walimu wa vyuo wanaonisikiliza. Idara za kule huomba barua tatu, na huzisoma kwa makini kuliko sisi tunavyoziandika. Barua ya mistari sita inayosema namfahamu kijana huyu, ni mtiifu na mwenye tabia njema, kwao inasomeka kama onyo: mwalimu hakuwa na la kusema. Wanataka kujua aliandika nini katika tasnifu yake, alikosea wapi na alirekebishaje, ana nafasi gani kati ya wanafunzi uliowafundisha miaka mitano iliyopita, na kama angeweza kusimama mbele ya darasa. Kuna wenzetu humwambia mwanafunzi aandike mwenyewe barua, wao watie saini. Matokeo yake barua tatu za watu watatu zinatoka na sentensi zilezile, na kamati huligundua mara moja.

Kiungo cha kupakia barua hiyo kitakuja kwenye barua pepe yako kutoka chuo cha mbali, pengine kikaangukia kwenye barua taka. Kitafute. Kijana wako ameomba mapema, amelipa dola sabini za maombi alizozichangisha, na faili lake halitafunguliwa mpaka barua yako iingie. Tafadhali, mwalimu, ipakie kabla ya tarehe 1 Desemba.